Nani Akate Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu ametoka hospitali bila mtoto. Amekuja kwangu, maana kwake ni ghorofani na mshono haujapona. Homa nayo haijamwachia, na mwenye homa haruhusiwi kuingia chumba cha watoto njiti. Punje amebaki huko peke yake kwenye kitanda chake cha joto — mwanetu, mdogo kuliko kiatu changu!

Juu ya kitanda kuna kamera, na kuna programu ya simu ya kumtazamia. Programu hiyo niliiandika mimi, kazini, kabla sijajua kwamba siku moja nitaihitaji. Jioni mdogo wangu akaifungua, pampu ya maziwa iko tayari kifuani. Akimwona Punje maziwa yanashuka yenyewe. Asipomwona, anakamua mpaka machozi yanamtoka na chupa inabaki kavu. Na nesi alishasema: hayo maziwa ndiyo dawa kubwa ya mtoto.

"Seva imejaa. Jaribu tena baadaye." Hicho ndicho kilichotokea kwenye kioo. Maneno yangu mwenyewe! Tukajaribu, tukajaribu. Akaniuliza kwa upole kama ni yeye aliyekosea kubonyeza. Bora angenitukana.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingia kazini macho mekundu. Mzee wa Seva — si mzee, ni kijana tu, ndiye aliyeandika upande wa pili, ule unaokaa hospitali — akanionyesha. Miunganisho imejaa tele! Wazazi walishaweka simu mfukoni zamani, wengine watoto wao walishatoka wodini, lakini laini zao bado ziko wazi, zimekalia nafasi za watu.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini hazifungi.

"Nitazifungaje? Nasubiri programu yako iage."

"Na programu yangu inasubiri seva yako ikate."

Akanigeukia na kiti chake.

"Sasa nani alikwambia wewe usikate kwanza?"

Hakuna aliyeniambia. Yaani — yupo. Mama! Kwetu mdogo hamkatii mkubwa simu, ni utovu wa adabu. Na Mama naye hakati, anaona ni kama anamfukuza mtoto. Basi kila akipiga: "Haya." "Haya, Mama." "Haya basi." Kisha namsikia akipanga sufuria, akimgombeza kuku, na mimi nimeshika simu sikioni kama mjinga. Programu nimeiandika jinsi nilivyolelewa! Seva nimeiona ni mkubwa, nikamwachia neno la mwisho. Mzee wa Seva alicheka hadi akalala juu ya meza. Nikacheka na mimi, halafu nikaenda chooni nikalia kidogo. Adabu yangu ndiyo iliyomnyima mtoto maziwa.

Mchana nimeandika upya. Mtu akitoka, programu yenyewe inaaga na kukata. Na ili nisipate aibu tena, nikaongeza: kioo kisipoguswa kwa muda, kata. Bosi akasema ipelekwe kwenye simu za wazazi leo leo. Imekwenda.

Jumatano, 6 Machi

Programu imekubali mara ya kwanza tu! Nusu chupa. Mdogo wangu ameishika chupa kwenye mwanga na kuitazama weee, kama mtu aliyepata cheti.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaki kuandika haya. Nitaandika.

Nilikuwa jikoni nikasikia ukelele. "Dada! Punje hapumui! Dada, hapumui!" Nikatupa mwiko nikakimbia. Pampu iko sakafuni, maziwa yamemwagika, ameikumbatia simu. Nikatazama. Kweli, kifua kimetulia tuli. Kidole kimoja kimeinuka na hakishuki.

Nikapiga simu wodini. Nesi akasema, "Huyu? Amenikojolea sasa hivi! Mzima kabisa, anarusha miguu."

Ni mimi tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye pampu. Simu ameiegemeza kwenye kikombe, kioo hakuna anayekigusa. Programu ikadhani ameondoka, ikakata. Na ikaacha picha ya mwisho inang'aa pale pale, bila neno lolote! Amekuwa akiongea na picha iliyoganda. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, simu bado ameikumbatia, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mtu akitulia, wewe unadhani hayupo?"

Haraka haraka haina baraka — na mimi ndiye ninayemwimbia hilo tangu utoto wake.

Maziwa yamegoma. Hata tone.

Ijumaa, 8 Machi

Sikwenda kazini. Nimekaa sakafuni karibu na miguu yake, kompyuta mapajani, namtazama anavyomtazama mwanawe. Hili ndilo nililopaswa kulifanya mwanzo. Hagusi kioo kabisa. Anainama, midomo inacheza, anamnong'oneza mambo ambayo sikuyasikiliza, si yangu. Akienda uani simu inaacha intaneti ya nyumbani na kushika ya laini, na hapo katikati muunganisho unakufa bila kuaga. Basi programu lazima ijue. Ule uliokufa iuzike, ifungue mpya, yeye asisumbuke.

Nimefuta habari ya kugusa. Picha ikiwa mbele ya macho ya mtu, haikatwi. Akiondoka kweli, inaaga. Na laini ikikatika, picha ifunikwe mara moja, isibaki kumdanganya mtu. Nikamuuliza mdogo wangu, hapo tuandike nini?

"Andika, laini imekatika, mtoto yuko na nesi."

Nimeandika hivyo hivyo.

Mzee wa Seva naye kaongeza kwake: seva inabisha hodi kila baada ya muda, asiyeitika anatolewa. "Sasa tunaelewana kama mke na mume," akasema. Nikamwambia aache utani, mkewe namwogopa.

Tumeijaribu siku nzima kabla ya kuipeleka. Siku nzima! Jioni maziwa yamerudi. Kidogo, lakini yamerudi. Nampenda huyu mtoto wa mama yangu, sijui kama nimewahi kumwambia.

Jumapili, 10 Machi

Homa imekwisha. Amefua gauni lake, amelipiga pasi, amelipiga tena. Tumekaa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Anaingia mama mzazi tu, mama mkubwa anabaki koridoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi — sawa, lakini na sisi wa kwenye benchi tunaujua kidogo! Amenawa mikono hadi viwiko. Mlangoni akasita. "Nimezoea kumwona kwenye simu, dada. Asiponijua je?" Nikamwambia, amekaa ndani yako, atakujuaje tena zaidi ya hapo? Akaingia.

Nimefungua programu. Punje amelala. Mikono ya mdogo wangu imeingia kwenye picha, imesimama hewani, haijui ianzie wapi. Mkono wa nesi umeishika, unaiongoza. Wanamwinua, na mipira yake yote ile! Taratibu jamani.

Sasa kitanda kitupu. Shuka, na kishimo alipokuwa amelala. Laini haijakatika, hakuna maandishi. Wako mahali kamera haifiki.

Kuna mashine inalia ndani. Mlio mfupi, mfupi, mfupi. Ya nani? Nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani, naandika. Nesi wa pili anakuja kutoka chumba cha jirani. Anatembea, hakimbii. Amesukuma mlango, na kabla haujajifunga nimemsikia mdogo wangu, analia na kucheka kwa pamoja, anasema, "Kanishika, nesi, ona alivyonishika," na mashine bado inalia, lakini humo ndani hakuna anayekimbia.