Jiwe Lenye Alama ya Buluu

Hafod Las,
Jumapili jioni

Kwa kaka yangu mpendwa Iestyn,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini mgongo wako bado unaweza kuinamia kunyoa kondoo wa watu huko New Zealand, na kwamba unakula. Sisi ni wazima, ila mimi situlii. Barua hii nimeianza na kuiacha. Kila upepo ukiligonga lango nainuka kuchungulia.

Mama anaendelea vizuri, vizuri kupita kiasi, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Wiki iliyopita shule ilitupeleka mlimani, kwenye lile kaburi la kale la mawe, tukawasaidie watu wa mambo ya kale. Wapanda mlima wamezidi. Kila mmoja anamwekea marehemu jiwe lake juu, na wengine wamechimba katikati ya kaburi wakajijengea kikuta cha kukinga upepo ili wanywe chai. Basi msimamizi wao, Bi Eluned, akatupanga mstari, mawe mapya yashuke mkono kwa mkono mpaka shimoni. Mzee Dilwyn, jirani yetu, alikuja na trekta lake, na maneno yake kama kawaida. Alimwambia Bi Eluned kwamba marehemu kalala miaka elfu nne bila kulalamika, iweje leo ndiyo wamkumbuke kumtandikia kitanda. Bi Eluned akamjibu kuwa siku Dilwyn akifa atamrundikia mawe yote hayo kifuani, tuone kama hatalalamika. Tulicheka mpaka mstari ukakatika.

Kisha likanifikia jiwe lako.

Nililijua kabla sijaligeuza: lile bapa la mtoni, lenye alama ya buluu ya kondoo wetu, uliyoipaka mwenyewe asubuhi ya kuondoka. Jiwe la babu Ifan waliliacha. Limeota ukijani, wakadhani ni la kale. Lako lilikuwa jipya mno. Ningesema tu kwamba hili ni la nyumbani kwetu, kwamba kwetu anayeondoka hupandisha jiwe pale kaburini na halishuki mpaka siku ya kurudi kwake, na kwamba babu Ifan hakurudi kutoka vitani, ndiyo maana lake lipo bado. Lakini unanijua. Shuleni wananifundisha kwa lugha mbili, na mdomo wangu ni mzito katika zote mbili. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikalitia mkobani, chini ya mkate wangu.

Wakati wa kushuka Dilwyn aliniona nimeinama upande. Akauliza, "We Heledd, mkoba una nini? Umeiba kondoo?" Nikasema ni vitabu. Akasema kumbe elimu ni nzito hivyo, ndiyo maana yeye aliitua mapema.

Nilikusudia kulificha mpaka wale watu waondoke, kisha nilirudishe. Nikaenda kuwafungia kuku. Niliporudi, Mama alikuwa amefungua mkoba atoe kopo la chakula. Alikuwa amekaa, buti bado miguuni, jiwe mapajani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekuandikia wewe?"

Sasa sikia, kaka, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Hujamwandikia tangu majira ya kondoo kuzaa. Kila Jumamosi Mama hupanda kule juu, akisema anakwenda kuangalia kama ua umebomoka, na sote tunajua anaangalia nini. Nilitaka kusema hapana. Kichwa changu kikaitikia. Akauliza lini. Nikasema kabla ya Krismasi.

Tangu hapo nyumba haitulii. Jiwe ameliosha, akalikausha kwa taulo la wageni, akaliweka kando ya moto. Ameoka mkate wa zabibu kavu, hadi Dilwyn kapata. Kitanda chako kina mashuka mapya. Jana hakupanda mlimani. Alisema hakuna tena cha kuangalia kule.

Sikuombi uje kwa ajili ya uongo wangu. Nakuomba umwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, ukweli wowote ulio nao. Kama unakuja, nitakupokea stesheni. Kama huji, itabidi nilipandishe tena jiwe lako, na sijui njia ya kutoka nalo jikoni isiyopita mbele yake.

Dilwyn anakusalimu. Mama hakutumii salamu; anasema atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Heledd