Anataka Nichome Vitabu vya Mapenzi Mbele ya Shirika

Mpendwa Maman Agnès wa radio, naomba msaada wako mbele ya Alhamisi kufika, juu ikishapita hiyo siku sitakuwa tena na kitu ya kuuliza. Jina yangu ni Carine, niko na miaka makumi mbili na kenda, natumika ku biro ya ONG moja ya misaada hapa Bukavu, na niko muchumba ya Honoré. Majina yetu ilishatangazwa ku misa mara mbili, inabakia tangazo moja tu, kisha harusi.

Maman, mimi napenda kusoma roman. Si zile za kufundisha adabu, hapana, ni zile za mapenzi, na zaidi zile ziko na maajabu ndani, mufalme ana mabawa, mwanamuke anaongea na mito, mutu anageuka chui na asubuhi anakuja kuomba pardon. Hapa vitabu ya hivyo iko ngumu kupata, basi sisi wanawake kidogo tunabadilishana, ingine inafika toka kisiwa ya Idjwi chini ya mananasi, ingine toka Katana kwa Merveille, rafiki yetu infirmière, muuguzi wa kule, na kila mutu anaomba yake: mimi munipatie ya kuliza, mimi ya harusi ku mwisho, mimi ile yenye mwanaume hasemi uongo! Na tunasoma vile tulijifunza ku shirika. Unajua ku shirika: majirani wanakutana, Injili inasomwa, kila mutu anasema neno gani imemugusa. Na sisi tunasoma ukurasa kwa sauti, kisha kila mumoja anasema iliyomugusa. Sikuona ubaya, na hata leo siuoni.

Sasa nikataka kutumia hao wanawake audio: "Wapenzi, nani iko na tome, kitabu ya pili ya Mufalme wa Mabawa? Ile busu ya ku daraja imeninyima usingizi, nataka ingine yenye moto zaidi!" Maman, nikaituma mu groupe WhatsApp ya shirika! Kule wanaandika nani amefiwa na nani ataleta maharagi. Na prezidante wa shirika ni Maman Godelive, mama ya Honoré.

Alhamisi iliyopita, kisha ya kusoma Injili, akaifungulia ile audio mbele ya watu wote. Akasema: "Mutu kugeuka chui ni bulozi, ni uchawi. Na kutoa desturi ya Neno ya Mungu muiweke ku mambo ya busu, hayo ni matusi. Alhamisi inayokuja Carine alete vitabu yake, avichome mu lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba, wote wakiona. Akikataa, mutoto yangu atatafuta mwingine."

Maman, kati ya wale walikuwa pale, watano wamesoma ile kitabu! Jeanine alilia machozi ya kweli ku mwisho yake. Wote wakaangalia chini, hakuna hata mumoja alifungua kinywa. Nilitoka na hasira, aibu sikuwa nayo. Nikamweleza Honoré, na yeye akajibu: "Choma tu, chérie, ni karatasi. Nitakununulia ingine kisha ya harusi." Karatasi! Na ile kitabu hata si yangu, ni ya Merveille. Honoré ninamupenda, ni mutu mwema, lakini nikichoma leo, kesho wataniambia nichome nini? Na nikikataa, nitapoteza bwana juu ya mufalme hata haiko duniani? Kuomba pardon sitaki. Lakini naogopa, Maman. Nifanye je?

Carine, Kadutu

*

Carine mutoto yangu, acha kwanza nikugombeze. Wewe! Mutu anatafuta busu yenye moto, hata haangalii ni groupe gani anatuma? Nimecheka mpaka nikashika tumbo. Halafu hao watano, unawashangaa nini? Munasoma pamoja mukijificha kama wezi wa ndizi, unataka wajitokeze siku gani? Muficha uchi hazai. Na ile kitabu ni ya Merveille, ungelianza kusema hiyo mbele ya kusema mengine yote. Mali ya mutu haichomwi.

Pole lakini. Kuaibishwa mbele ya majirani hivyo inauma, na kunyamaziwa na rafiki inauma kupita.

Sasa sikia. Hauchomi kitu. Bulozi gani? Koko yangu, mama ya baba yangu, alitusimulia habari ya binti aliyeolewa na zimwi, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza ku misa. Hakuna aliyemuchoma.

Maman Godelive usimutukane. Mama mukwe ni mama, na yeye ameguswa pahali pa kuuma, juu hiyo desturi ya Neno ameichunga miaka mingi. Mwambie kweli yake: "Maman, hatukuiiba. Ninyi ndio mulitufundisha kusikiliza kitabu na kusema imetugusa wapi."

Alhamisi uende. Uvae vizuri. Uombe ruhusa, usome ukurasa moja, na isiwe ile ya daraja, uko na akili! Kisha uulize vile munauliza kila Alhamisi: ni neno gani imekugusa? Halafu unyamaze. Usimukonyeze Jeanine, usimusaidie. Akisema, kiberiti ya Maman Godelive itabaki mu mufuko yake. Wote wakinyamaza, uwasalimie, ubebe kitabu yako ya kuazima, uende kwako kichwa juu.

Neno nzito ni yako, Honoré, juu najua unasikiliza hii radio. Papa, ulisema ni karatasi. Na ile karatasi mutasaini mbele ya padri siku ya harusi, ni nini? Mama yako akichukia mwaka unaokuja, utamwambia Carine aichome nayo? Alhamisi ukae pembeni ya muchumba wako, hata kama hujawahi kusoma roman tangu uzaliwe. Hatukuombi kusoma, tunakuomba kukaa.

Na wewe Carine, ukiona ile kiti ya pembeni yako iko wazi, usingoje tangazo ya tatu. Uende mwenyewe kwa padri, uisimamishe. Utalia, ndiyo. Utalia kidogo kuliko mwanamuke anaishi na bwana anayempelekea kiberiti.

Na juu wale watano walishindwa, acha mimi nianze. Mimi Agnès, mujane, mukristu, miaka makumi sita na mbili, mama mulezi wa watoto nusu ya mutaa wa Nyawera, nauliza kwa sauti mbele ya Bukavu yote: nani iko na tome ya pili ya Mufalme wa Mabawa? Muniletee hapa ku radio. Ya kwanza nilishaimaliza.