Mbuzi Aliyemuficha Chui

Siku ya posho, tarehe 18 Oktoba 2025

Nchelenge yote ijue: mimi Méschac njo mwenye sono, vyombo vya sauti, vya Siku ya Uhuru! Madame Febby wa komite ya sherehe alikuja yeye mwenyewe mupaka ku mulango. Bafle mbili, batri ya motokari, na mikro isiyo na waya — bayaone! Bafle moja inakohoa, lakini hakuuliza, na mimi si mutu wa kusema ovyo. Nilifika darasa ya sita, kisha mimi na darasa tukashindwana. Na leo? Serikali inamuomba mutoto wa Pweto, mugeni wa ng'ambo ya ziwa, abebe sauti yao. Balimu bangu batapita mbele ya bafle vichwa chini.

Kambo Eness, bibi muzee mwenye nyumba yetu, alisikia yote. Alikuwa anamenya mihogo. Akauliza, na mimi nitaitwa?

Kuitwa wapi, Kambo?

Ku kiti ya mbele.

Nikacheka mupaka chai ikanitoka puani! Viti vya mbele ni vya bale balipigania uhuru. Kambo namuona anapigana na kuku tu. Lakini hakucheka. Akamenya muhogo mumoja mupaka ukabaki kama kidole.

«Méschac. Nimeshapita miaka makumi nane. Mara moja tu, mbele ya kufwa, ninataka mutu asimame aseme Eness, asante, na batu basicheke.»

Chai ikawa baridi. Nikashika kisu, nikamenya naye — mimi!

Yenga, tarehe 19 Oktoba

Sasa niandike ile hadisi ya Kambo, ju hata mimi niliisikia mara mingi na sikujua kama ni ya kweli. Njo matata yenyewe.

Mwaka wa 1961. Vijana ba chama cha uhuru bakachoma vitupa, zile karatasi bazungu balilazimisha kila mwanaume atembee nazo. Bakaangusha miti mu barabara, motokari za serikali zisipite. Polisi bakamutafuta kijana mumoja mukaidi sana, jina Davison. Akakimbilia ku kijito, mahali banamuke banalowesha mihogo. Eness, binti, alikuwa pale. Akamusukuma mu shimo ya mihogo, maji mupaka puani, akamufunika kichwa na kitunga, akatupa maganda juu. Polisi bakafika na mbwa. Mbwa akanusa shimo, akapiga chafya, akarudi kwao. Kijana akabaki mule mupaka jua kushuka, kisha Eness akamupeleka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na mutumbwi, chini ya samaki. Kambo anasema kijana alinuka mupaka samaki zikalalamika.

Safi! Lakini nani anaamini? Kambo ni wa ukoo wa Mbuzi. Muzee Davison ni wa ukoo wa Chui. Ku Babemba koo hizi mbili ni za utani: mukikutana ni matusi, ku soko, ku kanisa, hata ku kilio. Lazima! Donc, basi, kila kilio Kambo anasimama na kusema, «Huyu chui, mbuzi alimuficha mu mihogo!» na batu banaanguka na kicheko. Miaka yote hii alisema kweli mbele ya bote, na bote balimupigia makofi kama mutu wa kuchekesha.

Leo nyuma ya misa tena. Muzee Davison: «We mbuzi, bado hawajakuchoma?» Kambo: «We chui bila meno, nani atanikula? Unakunywa uji na murija!» Batu kicheko. Na mimi nilicheka. Kisha nikakumbuka chai.

Kazi mbili, tarehe 21 Oktoba

Mubaya! Mubaya sana!

Plan ilikuwa yangu, donc ilikuwa nzuri. Nilimuambia Madame Febby: uko na mutu wa kiti ya mbele, na shahidi eko muzima. Akasema sawa, kama Muzee Davison atakubali, Eness ataketi. Yeye Muzee kiti yake iko tayari. Tukaenda bote kwake. Kambo alivaa kikwembe kipya, kile kitenge cha ubatizo ya mujukuu.

Madame Febby, na ile sauti yake ya ofisi: «Muzee, ni kweli huyu mama alikuficha polisi basikukamate?»

Muzee akamuona Kambo. Nikaona mudomo yake inaanza kucheza. Nikamufanyia alama na macho — hapana, Muzee, hapana!

«Huyu mbuzi? Alikula kofia yangu! Polisi nilibakimbia, lakini yeye njo nilimuogopa!»

Bote bakacheka. Madame Febby akapanguza machozi, akasema bazee hawa banafurahisha, akaaga. Kwisha. Mambo ya miaka makumi sita imekufa ju ya kofia.

Muzee alicheka wa mwisho na aliacha wa kwanza. Ju Kambo hakumujibu kitu. Alishika njia.

Kazi tatu, tarehe 22 Oktoba

Kambo hakula bukari, ugali wake wa mihogo. Kuku ziliingia mu nyumba, hakuzitukana.

Saa ya soko Muzee Davison akapita ku lupango, uwanja wa nyumba yetu, pole pole, kama mutoto aliyevunja sahani. Akajaribu: «We mbuzi, ndevu zako zimerefuka!»

Kambo akasimama. Akapiga magoti kidogo, mikono pamoja: «Mwapoleni mukwai, tata.»

Salamu ya heshima! Ku mutani wake! Muzee akashika mulango. Akageuka rangi. Salamu vile unamupa chifu, ao mutu aliyefiwa, ao mutu ambaye urafiki wake na wewe umekwisha. Muzee alikuja kwangu nyuma ya nyumba.

«Ni mugonjwa?»

«Hapana. Ni wewe njo mugonjwa. Ya mudomo.» Nilimuambia hivyo! Muzee wa uhuru! Nikamueleza kile Kambo anataka, neno kwa neno. Akaketi ku bafle yangu inayokohoa.

«Mutoto, kumutukana ninajua. Kumusifu, hapana. Nikimusifu, batu batauliza nani amekufwa.»

Nikasema, kesho tunafanya repetisyo, mazoezi ya kusema. Mimi njo mwalimu.

Kazi ine, tarehe 23 Oktoba

Repetisyo. Ee Mungu.

Mikro mu mukono. Nikamuambia sema: Mama Eness aliniokoa. Asante.

«Mama Eness ali… aliniokoa. Na harufu yake.»

Hapana, Muzee! Tena.

«Mama Eness ni mutu mwema. Kwa mbuzi.»

Tena! Tena! Nikamuambia afumbe macho awaze shimo. Akafumba. Kisha akasema, bila mikro, maji ilikuwa baridi sana, na yule binti alikuwa anaimba juu ya kichwa chake, kuimba wimbo wa kumenya mihogo, sauti haitetemeki hata kidogo, na mbwa eko pale. Akasema kama wangemukuta, Eness pia angefungwa, na hakuna mutu angejua jina yake.

Sikucheka. Nikasema, njo hiyo, Muzee! Kesho useme hiyo tu.

Akasema ndiyo. Kisha: «Lakini aliimba mubaya.»

Kazi tano, tarehe 24 Oktoba

Ninaandika ku kipande ya katoni ya bafle, pembeni ya kijito. Hapa pote kunanuka. Mikro nimeibana mu kwapa.

Uwanja ulijaa, bakubwa mu viti vya mbele, bendera, watoto ba masomo. Sono yangu — malaika! Kambo aliketi chini na banamuke, nyuma kabisa, kikwembe kipya. Muzee Davison akaitwa aseme neno. Suti, kravati, kofia.

Akasema muzuri. Ninaapa! Bila utani hata tone. «Mwanamuke mumoja alinificha mu shimo ya mihogo. Jina yake ni Eness.»

Kicheko! Uwanja muzima! Mukubwa mumoja akajipiga mapaja na mukono. Muzee akasema, ni kweli. Kicheko zaidi! Akasema, ninyamazieni, aliniokoa! Batu banalia na kicheko, na bafle yangu nayo ikakohoa. Kila alivyosema kweli, njo alivyowachekesha.

Muzee akaweka kofia yake ju ya bafle. Akanirudishia mikro. Akashuka ku jukwaa na fimbo yake, akatembea. Tulifikiri anaenda choo. Akapita choo. Akapita soko. Batu bakamufuata, kisha viti vya mbele bakamufuata, kisha bendera.

Shimo ya Kambo iko pale pale ku kijito, na mihogo mule inaloweka toka kazi mbili. Muzee akaingia. Na suti! Kravati ikaelea. Maji ikafika shingo. Ile harufu ikatoka ikatusalimia bote, na yule mukubwa wa kujipiga mapaja akaziba pua.

«Hivi!» Muzee akapaza sauti. «Hivi njo nilikuwa! Sasa cheka!»

Hakuna mutu alicheka.

Madame Febby, kitambaa ku pua: «Muzee, toka, bageni banangoja.»

«Bangoje. Sitoki mupaka huyu mama aitwe ku kiti.»

Batu babili ba komite bakaondoka mbio. Kuleta kiti, ao kuleta polisi? Hatujui. Bado hawajarudi. Muzee meno yanagongana, yale yaliyobaki. Jua limefunikwa, upepo wa ziwa unakuja. Madame Febby anabembeleza. Muzee anakataa.

Sasa Kambo anatoka katikati ya banamuke. Pole pole. Anachukua kitunga cha mutu. Anapiga magoti kando ya shimo, anamufunika Muzee kichwa, na anatengeneza kitunga vizuri, kama mama anavyomuvalisha mutoto kofia. Mikro yangu iko wazi — sikusahau, niliiacha makusudi! Ku uwanja, kule nyuma ya soko, bafle zinakohoa, kisha sauti yake inapita ju ya Nchelenge yote:

«Shuka kidogo, we chui. Masikio yanaonekana.»

Muzee anashuka.