Kila Mtu na Begi Lake

Mishomoroni, Kisauni
Jumanne jioni

Baba yangu mpenzi, Mzee Kitsao,

Shikamoo Baba. Natumai goti limekupa nafuu na kwamba mvua imewafikia huko Bamba, maana huku Kisauni imetuachia matope mpaka mlangoni. Mama namwamkia sana, na bibi yetu Hawe pia, na kama bado anasusa chakula cha usiku mwambieni Nyamvula amesema ale. Sisi tu wazima. Mwanangu mdogo ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka amefumba mdomo. Tangu masikio yako yaanze kukusumbua simu haitufai kitu, kila nikikuuliza hali wewe wanijibu habari za mbuzi. Basi nimeona nikae kitako nikuandikie, na dada Gladys atakukabidhi mkononi akija huko.

Pongezi zako zimenifika. Kaka Chrispine aliniambia kwamba alipokupigia yowe kwenye simu kuwa nimeshinda, uliinuka na goti hilo hilo ukacheza uani, na kwamba umealika jamaa na watu wa kanisani waje Jumapili. Asante, Baba. Lakini nakuomba usome yote haya kabla hujamwalika mtu mwingine, na usirukie mwisho kama ufanyavyo na magazeti.

Kazi yangu waijua, kuwabebea watu mabegi ya fimbo kwenye uwanja wa gofu na kuwaonyesha njia ya mpira. Mara moja kwa mwaka wenye uwanja na sisi wabebaji hucheza pamoja, mashindano mamoja, na siku hiyo hakuna anayembebea mwenziwe. Twaiita Siku ya Kila Mtu na Begi Lake. Wakubwa huvuja jasho, nasi hucheka kimoyomoyo. Mwaka huu mwenyekiti alitangaza kwamba mbebaji atakayewashinda wenzake ataajiriwa awe mwalimu msaidizi, afundishe watoto na wageni. Kazi ya kudumu, Baba! Si hii ya kukaa kwenye benchi tangu alfajiri kungoja kuitwa, na siku nyingine urudi nyumbani hujaitwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kuipata. Niliitaka mpaka nikaona haya kuiombea kanisani.

Nilipangwa kucheza na Mzee Abdulghani, yule wa Likoni niliyekusimulia, aliyekuwa nahodha wa meli za kuvuta meli kubwa pale bandarini. Nimembebea begi tangu mwanangu wa kwanza akiwa tumboni. Mtu mpole, amehiji, huniita mwanangu, na akikasirikia mpira huomba toba papo hapo. Tulikuwa wawili tu, na kila mmoja alikuwa akicheza kivyake.

Siku hiyo mkono wangu ulikuwa umebarikiwa. Nisikufiche, tangu nianze kuushika mchezo huu sijawahi kucheza vile. Sikuwa nahesabu, wala sikumtazama mtu. Kisha tulipobakisha mashimo mawili, Chrispine, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, akaja mbio kutoka huko mbele akipunga shati, akanipa habari nisizoziomba. Alisema Lavender, mbebaji mwenzetu wa Shanzu ambaye ndiye niliyekuwa nikimwogopa, ameshamaliza, na kwamba nikicheza kawaida tu nitampita, kazi ni yangu, akaanza kunisifu pale pale mbele ya Mzee. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe uliyegema miaka yote hiyo wajua hilo kuliko mimi. Mpira uliofuata nikauzika mchangani.

Baba, woga ule sijui nikuelezeje. Fimbo niliyoishika kila siku niliiona ngeni, na mikono nikaiona si yangu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia kwamba mgema haanguki akipanda, huanguka akishuka na kibuyu kimejaa, kwa sababu akili imeshafika chini kabla ya miguu. Akili yangu ilikuwa imeshafika kwenye kazi mpya, ninawafundisha watoto wa watu, na miguu bado imo mchangani.

Ndipo nikapata hila. Nilijiambia kwamba mchezaji si mimi. Mchezaji ni mama fulani, mgeni, na mimi ni mbebaji wake tu. Nikawa namnong'oneza, mama, usiharakishe, upepo unatoka baharini, chukua fimbo ile nzito. Na alhamdulillahi, kama asemavyo Mzee, moyo ukatulia. Mama yule akautoa mpira mchangani vizuri kabisa, akalimaliza shimo lile, akaliendea la mwisho akitembea kama mtu anayekwenda kisimani. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimwangalia.

Kwenye shimo la mwisho mpira wangu ulikuwa karibu na bendera, na wa Mzee ulikuwa mbali, kwa hiyo yeye ndiye wa kuanza. Akainama kuutazama mteremko, akabaki ameinama, kama afanyavyo siku zote akinisubiri. Nami nikamwambia, taratibu, kwamba asidanganywe na mteremko, hapo nyasi huuvuta mpira kushoto, upande wa mkondo wa bahari, basi aupige nje kidogo mkono wa kulia. Akaupiga. Ukaenda, ukapinda, ukaingia. Kisha nami nikausukuma wangu, ukaingia. Watu waliokuwa barazani wakapiga makofi, na Chrispine, ambaye hajui kungoja, akakupigia simu wewe.

Mzee akaniletea mpira wake niufute, kama ilivyo desturi yetu. Nikaupokea, nikautia kitambaa. Nilikuwa nafuta, Baba, ndipo nikajishtukia. Kwa nini nafuta mpira wa mtu siku ya kila mtu na begi lake? Nikakumbuka nilichomwambia. Sheria hiyo kila mbebaji anaijua kama jina lake, kwamba ukiwa mchezaji ni marufuku kumwelekeza mchezaji mwenzio apige vipi. Ukifanya hivyo, unaongezewa mapigo mawili, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Nami nilikuwa nimempita Lavender kwa pigo moja tu.

Hakuna aliyesikia. Hata Mzee mwenyewe hakushtuka, kwake yalikuwa maneno ya kila siku. Nilisimama pale nikitafuta njia ya kunyamaza, na nilizipata nyingi. Lakini nikaona nitakavyokuwa nikiwafundisha watoto sheria ile ile, nikaenda kwenye meza ya waamuzi nikasema.

Na sasa nikuambie lile lililonifanya nikuandikie, ambalo hata Chrispine sijamweleza. Mzee Abdulghani aliposikia alinikazia macho, kisha akawaambia waamuzi kwamba hakusikia neno lolote, kwamba mimi nimechoka na jua. Mwenyekiti, ambaye nadhani alitaka yaishe, akasema kuwa kama Mzee ataapa kwamba hakusikia, jambo litakufa hapo. Mzee akaweka fimbo chini. Akainua mkono.

Baba, mtu amehiji! Hata bei ya samaki haapii. Nilimrukia nikamshika kiganja mbele ya waamuzi wote, mimi ambaye miaka yote hiyo sijamgusa mkono hata kwa salamu, nikamsihi kwa jina la Mungu asiape. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mzee, dhambi zake Mungu atajua cha kuzifanya, lakini mimi nina watoto. Nikamwambia kazi nitakayoipata kwa kiapo chake sitaweza kuifanya hata siku moja. Mwishowe akaushusha mkono, akasema kweli, alisikia.

Wakaongeza mapigo mawili. Kazi amepewa Lavender. Ni msichana mzuri, ataifanya vyema.

Chrispine aliniita mjinga, na tangu hapo hasemi nami. Sijutii kusema. Lakini kazi, Baba, naililia. Nililia chooni pale uwanjani mpaka mama mfagiaji akaja kunigongea mlango. Usidhani mwanao ni jasiri.

Juu ya Jumapili, wageni sijui utawaambia nini, uamuzi ni wako. Naomba mawili tu. Usiwaambie nimeibiwa, kwa sababu sikuibiwa. Na Hawe asimtume mtu kwenda kwa mganga kutazamia ni nani aliyeniroga. Hakuna aliyeniroga. Kinywa kilichosema ni changu.

Kesho narudi kwenye benchi. Mzee Abdulghani ametuma neno kwamba atacheza asubuhi, na begi lake hataki liguswe na mtu mwingine. Nitakwenda. Nawaza tu nani kati yetu ataanza kusema.

Nisalimie Mama na Hawe, na majirani wote wanaoniulizia. Goti ulikande kwa maji ya moto na usilikimbize na mbuzi. Mungu awaweke mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nyamvula Kitsao