Ndeya Haikuvamiwa Kutoka Juu

Jumapili, Kasulo. Mvua ilianza wakati wa misa, ikakata alasiri, na mawingu bado yamekaa juu ya mabati yetu.

Leo nina hofu. Nalisema mapema ili nisijifanye shujaa huko mbele.

Mnaosoma blogu hii mnaijua Ndeya, ile sayari yangu ya kubuni yenye majua mawili na watu wa vidole vitatu. Miezi sasa nawaahidi sura ya wavamizi, jinsi walivyoinyakua na kuwaacha Wandeya wakitangatanga angani bila kwao. Miezi sasa inanishinda. Nimeandika vyombo vikishuka na moto, nikafuta. Nimeandika majeshi, nikafuta. Kila vita ninavyovitunga vinanuka uongo.

Baada ya misa nilimsomea mama rasimu mpya. Mama hapendi hadithi za mambo yasiyokuwepo, lakini mvua ilikuwa imemfungia ndani na hakuwa na pa kukimbilia. Alisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilipomaliza hakusifu wala kukosoa. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chetu cha hapa:

"Bale batu ba Ndeya, chini ya udongo yabo kulikuwa nini?"

Nikasema sikuwahi kufikiria. Akatikisa kichwa kwa huruma, vile anavyofanya bukari yangu, yaani ugali, ikitoka na madonge.

"Basi haujajua bale bengine balifuata nini."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Ili nisionekane nimenuna, nilimpokea majani nikatwange. Hapa kwetu sombe hutwangwa uani, na si popote uani. Tangu watu waanze kuchimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wanawake wa mtaa huu hugonga ardhi kwa mchi kabla ya kuweka kinu. Ardhi nzima hutoa sauti fupi na nzito. Iliyochimbwa hulia kama debe tupu, na hapo unahamisha kinu bila kuuliza mengi. Lakini leo mvua ilikuwa inamwagika, nikaweka kinu sebuleni, na sikugonga kwanza. Nani anapima sebule yake? Sisi hatujachimba. Marehemu baba alikataa, na mama amekataa baada yake, hata turubai za wachimbaji zilipotuzunguka pande zote.

Nilitwanga kidogo tu.

Sakafu ikajibu.

Ilikuwa tuk, tuk, tuk, kutoka chini ya miguu yangu. Mama alinishika mkono wenye mchi. Hakuna mtu wa Kasulo asiyejua maana yake. Maji yakianza kuingia shimoni, mlinzi wa juu hugonga ardhi. Wa chini hugonga kujibu kwamba wamesikia, kisha hupanda haraka. Mchi wangu ulikuwa umeita watu ambao hatukujua kama wapo.

Tulitoka mbio kwenye mvua. Upande wa pili wa ukuta ni kwa jirani yetu Tata Kasongo, mtu mpole, ambaye tangu kiangazi ana turubai juu ya shimo, pale palipokuwa jiko lake. Wachimbaji walikuwa wanatoka chini ya turubai hilo mmoja mmoja, wamejaa udongo, wanauliza nani amegonga. Wa mwisho kutoka alikuwa mdogo wangu Ilunga.

Ilunga, ambaye kila asubuhi mama humwombea kabla hajaenda Mashamba, kwenye machimbo ya kampuni anakotuambia anaendesha mashine.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ni wewe njo unachimba chini ya kitanda yangu?"

"Hapana, mama. Siye tunafika ku sebule tu." Alijifuta uso, akawa anatazama chini. "Ku chumba yako ni bale bengine. Beko chini yetu. Tunabasikia kila siku. Hatubajue."

Kasongo alisikia, akaangalia pembeni. Niliona kwamba hata kwake hili lilikuwa jipya.

Ilunga alikuja nyumbani akala amesimama. Nilimwambia aache. Kwanza kwa hasira, kisha nikamwomba kabisa, mimi dada yake mkubwa, machozi yakinitoka. Alinisikiliza vizuri. Si mkaidi, na hilo ndilo linalonitisha.

"Yaya, mi nikiacha, bo bataacha?"

Mvua ilipokata, wenzake walimwita kwa mluzi naye akanyanyuka. Nilidhani mama atasimama mlangoni. Badala yake alifunga bukari iliyobaki kwenye kitambaa, akampa aende nayo. Nilimkasirikia sana, dakika chache. Kisha nikaelewa kwamba angekwenda tu, na mama hakutaka aende na njaa.

Nimefuta vyombo vyote vya angani. Ndeya haikuvamiwa kutoka juu. Wavamizi walikuwa chini tangu zamani, na watoto wa Ndeya wakashuka kushindana nao nani atafika kwanza, kila mmoja akisema si mimi niliye chini ya kitanda cha mama. Ndiyo sura niliyoitafuta, na sina furaha nayo hata kidogo.

Kesho mama anahamia Manika kwa shangazi, apende asipende. Nimeshaongea na shangazi kwa simu. Amesema nafasi ipo kwa wawili, nami nilianza kufunga nguo zangu.

Nimezifungua tena. Mawingu yanazidi kuwa meusi na Ilunga yuko chini. Lazima abaki mtu hapa juu wa kumwita.