Shangazi, Nimeingia Majini Kabla ya Mwanahawa

Shangazi,

Shikamoo. Kama habari za huku zinafika huko uliko, hii nataka uisikie kwangu kabla wanawake wa Tindiga hawajakuletea. Nimeingia bwawani kabla ya Mwanahawa. Nimeingia na wavu. Na wamenikuta humo.

Usiseme lolote kwanza. Acha nieleze kwa mpangilio.

Mwanzo wake ni wewe. Ndiyo, wewe. Ulipolala kitandani miguu imevimba, nani alikupakia kwenye gari hadi hospitali Kilosa mjini? Nani alinunua dripu, glavu, mpaka shuka, maana siku hizi mgonjwa huenda na vyake? Mimi. Mwanahawa alileta uji. Nakubali, alileta kila siku, lakini ulikuwa uji. Halafu ukawaita wanawake wenzio ukawaambia, "Nikiondoka, maji afungue Mwanahawa." Mtoto wa mke mwenzio! Na mimi, mtoto wa kaka yako, uliyenilea tangu naota meno, nimesimama palepale na chupa ya chai mkononi. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Wewe una haraka." Maneno matatu, ukageukia ukutani.

Haraka hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba, Shangazi. Duka la ushirika lilipokufa na biashara ikawa ruksa kwa kila mtu, wengine walikaa wakilalamika. Mimi nilibeba kambale wa kubanika kichwani hadi barabara kuu ya Mikumi, nikawauzia madereva wa malori dirishani. Leo nina kibanda cha bati kulekule Mikumi na wateja wanaoniita kwa jina. Hakuna aliyenishika mkono.

Sasa mambo yalivyo. Masika ilikuwa kubwa. Mto Mkondoa ulifurika hadi kwenye mipunga, kisha ukarudi nyuma ukaliacha bwawa letu limejaa. Kipupwe kikaingia na baridi yake, wanawake wakapanga siku ya kufungua, wavue pamoja. Mwanahawa akamtuma kondakta wa basi aniambie: dada aje, asikose. Nikasema moyoni, nitakuja, lakini siji kushika mkia wa Mwanahawa. Nikanunua wavu wa nailoni Morogoro, nikakodi pikapu, na alfajiri ya siku ileile nikawa majini, mimi upande huu, utingo wa gari upande ule. Nilitaka nitoe mzigo wangu niondoke, wao wakifika wakute nyayo tu.

Yale maji, Shangazi! Baridi ilipanda kwenye mifupa mpaka meno yakagongana. Tukavuta. Majani. Tukavuta tena. Majani na ndala moja. Na muda wote nasikia sauti yako: "Kambale wa kipupwe haamshwi, anapashwa." Nilikuwa naijua hiyo. Najua baridi ikimpata hujilaza chini kabisa, tumbo ndani ya tope, wavu ukapita juu yake asijue. Najua husubiriwa jua lipande, maji ya pembeni yapate uvuguvugu, ndipo asogee kwenye kina kifupi. Nilijua yote, ila nilidhani nailoni haina haja ya kujua. Wavu ukanasa kwenye kisiki, ukachanika. Dereva akapiga honi kule juu: "Mama Mikumi, samaki wako wamefunga duka! Mimi nina abiria wananingoja." Akaondoka na utingo wake.

Ndipo walipotokea. Kumi na saba, matenga yao yasiyo na kitako wameyatia mabegani, wanacheka mambo yao. Wakaniona. Mimi nimo kwenye maji ya mapaja, khanga imelowa, wavu umenizonga miguu kana kwamba mimi ndiye niliyevuliwa. Mwanahawa akatangulia, akainama kidogo. "Shikamoo dada." Mbele ya watu wote, Shangazi, katika hali ile, ananipa shikamoo! Marahaba ikakataa kutoka. Nikawa nahangaika na wavu miguuni mpaka Bi Tatu, yule jirani yako mwenye mdomo, akaingilia: "Mwitikie mwenzio, au kambale wamekula ulimi? Maana leo hawajala kingine." Wakaangua kicheko. Nilitamani tope linimeze.

Desturi unaijua. Anayegusa maji wa kwanza siku ya kufungua ndiye mgawaji. Havui. Anakaa ukingoni, anagawa, fungu lake huja mwisho. Miaka yote ya uhai wako ulikuwa wewe. Bi Tatu akasema mimi si mgawaji, mimi ni mwizi, nishike njia nirudi kwetu Mikumi. Hapo niliogopa kweli. Si kwa ajili ya samaki. Kambale nanunua popote. Niliona kwamba nikiupanda ukingo ule siku ile na kwenda zangu, sitashuka tena, na pale ndipo mahali pekee duniani ninapoitwa mtoto wa mtu.

Mwanahawa akasema, "Aliyegusa wa kwanza atagawa. Desturi haikusema lazima awe amealikwa." Akanionyesha pa kukaa. Pahali pako.

Wakangoja tope langu litulie na jua lianze kuchoma migongo. Kisha wakaingia safu moja, wakididimiza matenga, wakipenyeza mikono kwa juu. Kelele zikaanza: "Ninaye!" "Mshike, usimbembeleze!" Nikakumbuka ulivyonifundisha kumkaba nyuma ya kichwa, na siku mwiba wa pezi uliponichoma, ukanifunga kidole kwa ncha ya khanga yako, ukasema, "Sasa mmefahamiana." Na mimi nimekaa mkavu, nawatazama.

Kambale hamsini na mmoja. Kabla wa mwisho hajatua kwenye nyasi nilishawagawa kichwani: wanawake kumi na saba, watatu watatu, hakuna baki. Nilifurahi hakuna baki. Nikaanza kupanga mafungu. Mwanahawa akaja kusimama juu yangu, maji yanamchuruzika, akayahesabu kwa kidole.

"Hesabu hiyo mbovu, dada. Rudia."

Nikamwambia mbovu wapi, hamsini na mmoja kwa kumi na saba.

"Tuko kumi na nane."

Mimi, ambaye hakuna dereva anayethubutu kunipunja, naambiwa nirudie hesabu mbele ya Bi Tatu! Nikarudia. Wawili wawili kwa kumi na nane, wakabaki kumi na watano, na wanaobaki hupikwa palepale. Kila mmoja alipungukiwa kambale mmoja ili mimi nihesabiwe. Hata Bi Tatu. Alinung'unika, lakini aliachia. Nilikula uso nimeuinamisha, na mchuzi ulikuwa mtamu, na utamu ule ndio ulioniumiza. Nilitafuta pa kuanzia kuomba radhi nikapakosa. Nikasema tu, "Chumvi imekolea."

Bado nina kinyongo na wewe, sitakudanganya. Ungenipa zaidi ya maneno matatu. Lakini njia nzima ya kurudi Mikumi nilijiuliza: ingekuwa mimi mwenye maji, nikamkuta Mwanahawa na wavu, ningemhesabu? Nisingemhesabu, Shangazi. Ningemcheka, kisha ningemfukuza. Ulilijua hilo kitandani pale, ukaona haya kunitajia mbele za watu, ukaliita haraka.

Pumzika sasa. Ijumaa nakwenda Tindiga kwa Mwanahawa kumwomba radhi kwa mdomo wangu, na nitahakikisha Bi Tatu yupo, maana asipokuwepo hiyo haitakuwa radhi, itakuwa maongezi. Mwakani wakinikubali nitashuka wa mwisho. Na kinyongo changu nawe nitakibeba mwenyewe. Sitakitia tena kwenye maji ya watu.

Mwanao,
Zaituni