Mtoto wa Mbwa Niliyemchagulia Gurdip

Southall, Jumapili

Miaka sita nimemficha Gurdip jinsi nilivyomchagulia mbwa. Daktari anasema moyo wangu umechoka, basi niandike.

Dume la Gurdip, mfugaji mwenzangu, ndilo lililompanda mbwa wangu jike. Ni basenji, wale mbwa wawindaji wa Kongo wasiobweka. Kwa desturi yetu wafugaji, mwenye dume ndiye wa kwanza kujichagulia mtoto mmoja. Yule bora, Duma, nilimfungia bafuni asionekane. Nikamwambia Gurdip, "Chukua huyu mdogo, ndiye bora."

Leo kwenye maonyesho ya mbwa huyo mdogo, Rani, ameshinda tena. Mwamuzi alimkagua meno, akamtazama akitembea, akatabasamu. Duma wangu alikuwa wa nne. Nilipiga makofi huku nikiona wivu.

Gurdip akaja na utepe wa ushindi, akaubandika kwenye koti langu. "Mzee Harun, jicho lako la mwewe! Huu ni wako."

"Mvalishe mbwa wako, bwana."

Akacheka. Alidhani ni unyenyekevu.

Wiki ile Gurdip alipokuja kuchagua, Rani alikuwa anakataa chakula. Nilimpa Gurdip kwa sababu nilitaka amfie mikononi.